Kaa wa Serikali Wameziba Mashimo

"Sikilizeni, sikilizeni! Wenye vyombo na wenye miguu tu! Bwana Mkubwa anasema: kuanzia Ijumaa hii, hali ya hewa ya kisiwa chote cha Mafia itakuwa chini ya serikali. Upepo, mvua na mawimbi vitatazamwa bomani. Ni marufuku mtu kwenda baharini kwa kutazama mbingu kwa macho yake mwenyewe. Atakayekaidi atapigwa kiboko, hamsa ishirini!"

Hivyo ndivyo alivyotangaza Jumanne, mpiga pembe wa boma, alasiri sokoni. Pembe yake ilikuwa imepasuka ncha, ikatoa sauti kama ya mtu anayepiga chafya. Muuza pweza mmoja akauliza kama jua nalo limo. Jumanne akasema hilo hakuambiwa, atakwenda kuuliza.

Wapo wanaosema serikali ya Mdachi ilikurupuka. Hao hawajui kazi ilivyofanywa. Jambo hili lilichunguzwa, likakaliwa vikao, likanywewa kahawa. Nami nilikuwamo, kwa hiyo nitaeleza lilivyokuwa, tena bila chuki, ingawa sababu za chuki ninazo.

Bwana Mkubwa alikuwa ameagiza kinanda kutoka kwao Ulaya. Kilifika na meli, kikashushwa kwenye mashua ili kiletwe pwani. Mashua ilipokaribia, ukavuma upepo wa ghafla, chombo kikalala ubavu, na kinanda kikaenda chini mbele ya macho ya boma zima, kikilia kidogo. Bwana Mkubwa akageuka. Aliingia ndani, akatoka, akamwita Akida Muhsin.

Akida Muhsin ndiye jicho na sikio la serikali huku kwetu, na Bwana akiwa amelala, ndiye mdomo wake. Babu yake alitoka Omani na kilemba. Minazi aliikuta huku, ikawa yake.

"Akida," Bwana akasema, "kwa nini hukujua kwamba upepo utakuja?"

Mtu mwingine angejibu kwamba hakujua kwa sababu hajui. Lakini Muhsin hakupewa uakida kwa kusema hajui.

"Bwana," akasema, "wanyama walijua. Huku kwetu wanyama hutoa habari za hewa. Kaa, mbuzi, vyura. Walijua tangu asubuhi."

"Walijua kinanda changu kitazama?"

"Walijua, Bwana."

"Na kwa nini hawakuulizwa?"

Swali hilo ndilo lililozaa idara.

Likaitishwa baraza. Watu wa kila upande wakaamriwa walete elimu yao ya wanyama, kila mtu na mnyama wake. Wavuvi wanaopiga kambi Shungimbili wakasema ndege wa baharini wakilala kwenye fungu la mchanga, upepo unakuja. Wa Ras Mkumbi wakasema ndege hao hao wakilala, ni shwari siku tatu. Wakashikana kanzu. Ikaamuliwa ndege wasiajiriwe, kwa kuwa hawana makazi maalumu.

Akasimama mwingine: paka akinawa uso, ni mvua. Mwenzake akamkatiza: paka akinawa uso ni mgeni, mvua inatoka wapi? Bwana Mkubwa akauliza, na kama mgeni atakuja na mvua? Baraza likaahirishwa watu wakale.

Baada ya chakula, jamaa mmoja akasema goti la mama mkwe wake likiuma leo, kesho ni mvua, halijakosea tangu alipomwoa binti yake. Akida akataka goti hilo lisajiliwe. Bwana akauliza huyo mama ana miguu mingapi. Akaambiwa miwili. Akakataliwa, maana tangazo lilisema wanyama. Yule jamaa aliondoka kwa huzuni. Alikwisha kuanza kutumaini kwamba mama mkwe angehamia bomani.

Kitu kimoja hakikusemwa siku ile. Hakuna aliyesimama kutaja siku ambazo kaa aliziba shimo na mvua isinyeshe. Siku hizo hazina hadithi. Nani atakayekaa barazani aseme, jana nilimwona kaa kaziba, na halafu halikutokea lolote? Watakuambia nyamaza, mpishe mwenye la maana. Kwa hiyo kaa hukumbukwa siku aliyopatia tu, kama waganga, na kama maakida.

Basi wakachaguliwa watatu. Kaa wa mchangani, waliojengewa ua wa makuti juu ya pwani, mahali pakavu, mali ya serikali isije ikachukuliwa na maji. Beberu mmoja, aliyepewa banda na pumba. Na chura mmoja, aliyewekwa ndani ya mtungi mpana wa maji matamu ya kisima, yanayobadilishwa kila siku, kwa kuwa chura wa serikali hawezi kukalia maji ya jana.

Kanuni ilikuwa nyepesi. Kaa wakiziba mashimo, dhoruba. Beberu akikataa kutoka, mvua. Chura akilia mchana, upepo. Hata mmoja wao akisema, kitambaa chekundu kinapanda mlingotini na chombo chochote hakitoki. Wakinyamaza wote, kinapanda cheupe.

Mlinzi wa wanyama nikateuliwa mimi, Shaibu bin Matano. Sifa zangu zilikuwa mbili. Chuoni sikumaliza hata juzuu mbili, kwa hiyo sitabishana na amri. Na mimi ni mgane, kwa hiyo hakuna wa kuniuliza nyumbani nilikuwa wapi. Mke wangu Mwatima alifariki kwa homa mwaka uliotangulia. Dawa ilikuwapo bomani, kabatini, chupa zimepangwa vizuri. Ufunguo ulikuwa Dar es Salaam, mfukoni mwa Bwana. Aliporudi alisikitika sana, akaamuru kabati lipakwe rangi. Kwa hiyo serikali naijua kwa karibu, na kazi nikaipokea.

Wanyama walisomwa saa sita mchana, kwa sababu Akida, ambaye sasa aliitwa pia Mfasiri Mkuu, huamka taratibu. Akishakunywa kahawa, akavaa joho, akashuka pwani, jua limekwisha kusimama utosini. Sasa niambie, kaa gani hukaa nje saa hiyo? Hata kitoto kinachotafuta chambo kinajua kwamba kaa hufunga mlango jua kali lisimkaushe. Nilidhani Akida hakupata kutafuta chambo utotoni, nikaona nimsaidie.

"Shikamoo, Bwana Akida."

"Marahaba. Kaa?"

"Wameziba, Bwana. Lakini ni jua hili. Alfajiri walikuwa nje wote, wanapigana."

"Shaibu, wewe ni mlinzi au mfasiri?"

"Mlinzi, Bwana."

"Basi linda."

Kitambaa chekundu kikapanda. Beberu naye alikataa kutoka. Aliyekuwa na kivuli na pumba, atoke aende wapi? Na chura alilia kila siku saa hiyo hiyo, kwa kuwa ndipo nilipommwagia maji mapya, nayo yalikuwa ya baridi. Wanyama watatu, kauli moja. Bwana Mkubwa alifurahi. Alisema tangu afike Mafia hajawahi kuona baraza linalokubaliana namna hii.

Bahari siku hizo ilikuwa imelala kama mafuta kwenye sahani.

Siku moja kitambaa cheupe kilipanda. Asubuhi ile mbingu iliziba, wingu jeusi toka kusini mpaka juu ya vichwa vyetu, jua halikuonekana. Hakuna joto, kaa wakabaki nje wakitembea. Beberu alitishwa na radi ya mbali, akatoka mbio bandani. Chura, sijui kwa nini, siku ile alinyamaza. Akida akatangaza shwari. Vyombo vikatoka kwa amri ya serikali, vikarudi vingine bila matanga, na paa la jiko la Akida likaonekana likipita juu ya minazi. Jioni kikao kikakaa. Ikaamuliwa kwamba wanyama walisema sawa, hewa ndiyo iliyokosea.

Kesho yake jua likatoka, na chekundu kikarudi mahali pake.

Sasa wengine wote walivumilia. Mwenye shamba alikula mihogo yake. Lakini Jibondo hawana cha kuvumilia nacho. Kile kisiwa ni jiwe tupu. Visima vyake vinatoa maji ya chumvi, na maji ya kunywa huvushwa kutoka huku kwetu kwa mapipa, kwa mashua ya Nahodha Hemedi. Mashua ya Hemedi ikilala pwani, Jibondo inakauka. Na ililala, mapipa yamejaa yamepangwa ndani yake, Hemedi amekaa juu ya mojawapo anang'oa miiba kwenye kisigino.

Jibondo ndiko alikoolewa mwanangu Somoe, mtoto pekee aliyeniachia Mwatima. Kaolewa na fundi wa vyombo, Shaabani. Alikuwa mja mzito wa mwezi wa mwisho.

Alfajiri moja Shaabani akavuka kwa ngalawa peke yake, na mitungi miwili mitupu. Akanikuta kwenye ua wa kaa.

"Mzee, Somoe kajifungua. Mtoto wa kiume."

"Alhamdulillahi! Mwenyewe hali gani?"

"Maziwa yanakatika. Kisiwa kizima tunapimiana maji. Anapata kata moja ya kifuu asubuhi, kata moja jioni, na hiyo ni kwa sababu kazaa."

Tukajaza mitungi mbio. Hakufika kwenye ngalawa. Askari Ussi alimkamata majini magotini, bahari tulivu kiasi kwamba wote wawili walionekana mara mbili, juu na chini. Shaabani akapigwa hamsa ishirini kwa kosa la kusafiri wakati wa dhoruba. Maji yake yakashikwa kama ushahidi. Kesi ilipokwisha, yasipotee bure, akapewa chura.

Nikaenda barazani kwa Akida. Hemedi akafuatana nami.

"Bwana Akida," nikasema, "mwanangu kazaa Jibondo na hana maji. Nakuomba mashua ivuke mara moja tu."

"Hongera, Shaibu. Lakini kaa wamesemaje?"

"Kaa wameziba kwa sababu wanaishi mle," akasema Hemedi. "Mimi nami jana nilifunga mlango. Ilikuja dhoruba?"

"Na wewe Hemedi, unajuaje kama haiji?"

"Natazama bahari, Bwana. Mara nyingine nakosea. Nikikosea, nalowa mimi, sio wewe."

Akida akacheka kidogo, kwa huruma. "Hawa watu wa Jibondo wananishangaza. Kisiwa kimezungukwa na maji pande zote nne, nao wanalia maji. Hakuna shukrani." Akatugeuzia kisogo, akaomba kahawa nyingine.

Nilirudi kumbadilishia chura maji. Yalikuwa ndoo nzima. Niliyamwaga mchangani yale ya zamani kama kanuni ilivyotaka, nikatazama mchanga unavyoyanywa.

Ikawa wiki ile ile mafundi wa Jibondo wamekwisha kuunda mashua mpya ya serikali, na Bwana Mkubwa akataka kuhudhuria mwenyewe siku ya kuishua majini. Chombo hushuliwa maji yakijaa sana, na maji ya bamvua hujaa alasiri, kwa hiyo ilibidi wageni wavuke mapema. Akida akaona ugumu: saa sita kitambaa kitakuwa chekundu. Akafikiri.

"Leo wanyama watasomwa alfajiri," akasema. "Safari ni ya serikali."

Alfajiri kaa walikuwa nje. Beberu alikuwa nje, anakojoa. Chura alikuwa amelala. Cheupe kikapanda bila ubishi, na moyo wangu ukaruka, maana mashua iliyokuwapo ya kuwavusha ni ile ya Hemedi, na ndani yake mna mapipa.

"Shusheni mapipa," Akida akasema.

Yakashushwa. Vikapanda viti sita, meza, zulia, mito ya Akida, makasha mawili ya bia ya Bwana, na mimi na chura mtungini, ili serikali isiwe bila habari za hewa ikiwa safarini.

"Bwana Akida," Hemedi akasema, "niachie pipa moja."

"Na zulia tuliweke wapi?"

Askari Ussi akaachwa alinde kaa na beberu, na amri yake ya kawaida: kila siku saa sita asome, apandishe kitambaa. Ussi ni askari mzuri sana. Ukimwambia panda, anapanda. Ukisahau kumwambia shuka, atazeekea huko juu.

Tulitua Jibondo jua limekwisha kupanda. Watu walikuwa wamekaa pwani wakitazama mashua, na niliona macho yao yalivyopita juu ya viti, kiti baada ya kiti, yakitafuta mapipa. Bi Mwanamkuu, mama mtu mzima anayegawa maji ya kijiji, akatujia.

"Karibuni, wageni. Mmekuja na maji?"

"Tumekuja na Bwana Mkubwa," Akida akasema.

"Tumemwona. Nauliza maji. Huku kwetu mgeni huja na maji yake."

Akida alikuwa hajui desturi hiyo. Aliamini palipo na watu, mgeni hupewa. Akasema watayazungumza baadaye, akaanza kupanga viti.

Mimi nilikwenda kwa Somoe, nimeubeba mtungi wa chura. Alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imekauka kama udongo, mtoto kifuani analia sauti nyembamba, ile ya mtu anayeelekea kuchoka kulia. Shaabani, ambaye boma lilimrudisha kwao mikono mitupu, alikuwa amelala kifudifudi kando yake, mgongo haujapona.

"Shikamoo, baba. Umekuja na nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na chura."

Akacheka mpaka midomo ikapasuka. Kisha akaona sitanii.

Basi nikamtoa chura, nikamlaza kivulini kwenye gae la chungu chini ya gunia bichi. Maji yake tukayachuja kwa kitambaa, tukayachemsha. Somoe akanywa, akapumzika, akanywa tena. Mtungi nikaujaza maji ya bahari mpaka palepale yalipokuwa, mali ya serikali isipungue uzito, nikaufunika kawa, nikaurudisha kando ya viti.

Hotuba zilikwenda mpaka saa sita. Bwana Mkubwa alisema juu ya maendeleo. Akida alitafsiri, akaongeza na yake. Alasiri maji yakajaa, watu wakashika kamba, wakaivuta mashua mpya kwa mikono, midomo mikavu haina nguvu ya kuimba. Ikaelea vizuri. Bwana akapiga makofi, akasema sasa turudi.

"Hemedi, tweka tanga."

"Bwana, kitambaa ni chekundu."

Bwana akatoa darubini, akatazama ng'ambo. Kilikuwa chekundu. Ussi hakutuangusha.

"Lakini bahari imelala," Bwana akasema.

"Nami nahisi hivyo, Bwana. Ila nimekatazwa kutazama kwa macho yangu."

Watu wote wakainamisha vichwa kutazama vidole vya miguu yao.

"Ninaamuru mimi!"

"Na ile kule ni amri yako, Bwana. Wewe wa kule na wewe wa hapa, nimtii yupi? Mgongo ninao mmoja. Muulizeni Shaabani wake ukoje."

Bwana akawageukia manahodha wa Jibondo. Kila mmoja akawa na mgongo mmoja. Ndipo akamgeukia Akida.

"Akida. Wanyama wamesema kweli?"

Nilimwona Muhsin akipiga hesabu usoni. Akisema wamedanganya, basi na siku ya kinanda alidanganya yeye. Akatazama bahari, isiyo na hata mkunjo.

"Wamesema kweli, Bwana. Dhoruba inakuja."

"Lini?"

"Inakuja, Bwana."

Tukakaa kuingojea. Wao walikaa vitini, sisi mchangani.

Jioni Bi Mwanamkuu akaja na mtungi wa kijiji na kata. Waliojifungua na watoto kwanza, kisha wazee, kisha mafundi waliovuta kamba. Mwisho akafika kwenye viti.

"Kata hii ndogo," Akida akalalamika. "Mimi ni akida."

"Na hii ni kata, baba. Unywe nimpe mwenzio."

"Mama, unajua unazungumza na nani?"

"Najua. Unazungumza na nani wewe, ndilo hulijui. Rudisha kama huitaki, kuna mtoto wa siku tisa nyumba ile."

Akainywa. Bwana alikataa yake, akanywa bia, akasema maji ni ya ng'ombe. Siku ya pili saa sita kitambaa kikapanda tena chekundu, na kufikia hapo bia ilikuwa imekwisha. Nadhani mnajua bia inavyomfanya mtu siku inayofuata, juani, kwenye jiwe. Alikuwa mwekundu kuliko kitambaa. Bi Mwanamkuu alipopita, Bwana mwenyewe akanyoosha mkono, akanywa kata yake mpaka chini.

Adhuhuri watu wakaenda kuswali. Akida akasema tutangulie, tumbo linamsumbua. Tulipokuwa tunatoka msikitini tukasikia mtu anakohoa, anatapika, anakohoa tena. Tukafika mbio. Akida Muhsin alikuwa amepiga magoti mbele ya mtungi wa chura, kilemba kimelowa, ndevu zinachuruzika.

"Shaibu!" akapiga kelele. "Mshenzi wewe! Maji ya chura yana chumvi!"

Bwana Mkubwa alikuwa amelala kwenye zulia. Akafungua jicho moja.

"Umejuaje, Akida?"

Akida akajifuta ndevu kwa ncha ya kilemba. 

"Nili... nilionja tu, Bwana. Kwa ajili ya usalama wa chura."

"Na chura yuko wapi?"

"Nimemhamisha, Bwana," nikasema mimi. "Dhoruba inakuja, nimeogopa asilowe."

Bwana Mkubwa akanitazama, akautazama mtungi, akamtazama Akida. Akakaa. Sijawahi kuona Mdachi anakaa polepole vile.

"Akida. Mara ya mwisho. Wanyama wanajua?"

Muhsin alikuwa na chumvi kooni na jua kichwani, na watu wa Jibondo wamemzunguka wakimtazama kama wanavyotazama mbao yenye ufa. Akavunjika.

"Hawajui kitu, Bwana! Kaa anaziba kwa sababu ya jua! Beberu ni mvivu! Chura analia kwa sababu anamwagiwa maji ya baridi, hata mimi ningelia!"

"Na siku ya kinanda?"

"Nilisema tu, Bwana."

"Ulisema tu." Bwana akavuta pumzi. "Basi nani anajua?"

Hapo, wallahi, angeweza kusema hakuna anayejua, wengine wanabahatisha vizuri na wengine vibaya. Angekwenda zake. Lakini ulimi ulikwisha kuzoea.

"Mimi, Bwana," akasema. "Mimi najua."

"Vizuri sana," Bwana akasema, akaamuru tanga litwekwe.

Watu wakaanza kukimbilia mashua, lakini Hemedi hakusogea. Alisimama na kamba mkononi.

"Bwana, useme mbele ya watu. Chombo cha maji kiende siku yoyote, kitambaa kiwe rangi yoyote."

"Nenda tu!"

"Useme, Bwana, ndipo niende. Na mtu asipigwe tena kwa maji."

Bwana akasema. Bi Mwanamkuu akamwambia arudie, wa nyuma hawakusikia. Akarudia kwa sauti. Kisha akaingia mashuani akakaa juu ya kamba, bila kiti, bila zulia. Akida akatia mguu mmoja.

"Wewe baki," Bwana akamwambia. "Linda viti."

Jua lilikuwa halijazama Hemedi aliporudi, mashua imekaa chini majini kwa uzito wa mapipa. Watu waliingia majini kuyapokea. Niliubeba mtungi wa kwanza begani mpaka kwa Somoe, nikamwogesha mjukuu wangu kwa mikono yangu, akapiga kelele sauti nene, ya mtu mwenye haki zake. Nikakumbuka kumwambia Mwatima, kisha nikakumbuka kwamba sina wa kumwambia. Pwani, Akida Muhsin alikuwa amekaa kwenye kiti kimoja kati ya sita, anangoja zamu yake.

Wiki iliyofuata Jumanne akapiga chafya ya pembe yake sokoni. Bwana Mkubwa anatangaza kwamba kaa, beberu na chura wameachishwa kazi kwa kukosa elimu. Badala yao, hali ya hewa itatabiriwa na Akida mwenyewe, aliyekiri mbele ya mashahidi kwamba anaijua. Atasimama ndani ya ua wa makuti pwani kila siku saa sita kamili mchana, atazame mbingu, aseme. Akikosea, atajibu bomani.

Mwanzoni hakupata siku asiyokwenda kujibu. Akisema shwari ikanyesha, aliitwa. Sasa amejifunza, anasema dhoruba kila siku, kwa maana serikali haijapata kumwadhibu mtu kwa kuogopa. Naye jua linampiga, joho limepauka. Mimi bado ni mlinzi. Kanuni ya maji haikufutwa, kwa hiyo nampelekea. Kata moja.

Hemedi hupita hapo kila mchana akienda kupakia, na hajapata kupita bila kuuliza, kwa adabu zote, kwa sauti ya kusikika ndani ya ua.

"Shikamoo, Mzee Shaibu. Akida kasemaje leo?"

"Marahaba. Kasema tusitoke."

"Alhamdulillahi," Hemedi husema, akawageukia mabaharia wake. "Pakieni, jamani. Tunatoka."